Naomba ushauri: amplifaya na spika za kusikilizia zilipendwa

Wakuu, habari za jioni. Nina sabufa ya Kariakoo, kelele inazo za kutosha, ila nikiweka Mbaraka Mwinshehe au Sikinde besi inameza kila kitu. Gitaa la solo linasikika kama limefunikwa blanketi. Nimechoka nayo.

Nataka amplifaya ya stirio na spika mbili tu, sebule yenyewe futi 12 kwa 14, bajeti laki saba. Kuna fundi ana Pioneer ya mtumba, nyuma imeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika za kuifungia). Spika nilizopata ni za omu 4. Yeye anasema "funga tu mzee, itapiga". Itapiga ndiyo, lakini si itachemka hadi iungue? Nichukue, au nitafute spika nyingine? Muziki nauchezea kwenye simu.