Nitajuaje mbunge wangu alivyopiga kura, mbali na anayoyasema mazishini?

Mpigakura_2027

Wadau, uchaguzi ni Agosti 2027 na huku kwetu mabango yameshaanza kuota. Mheshimiwa akishika maikrofoni mazishini anasema alipinga kodi, analeta miswada kila kukicha, na kwamba madarasa, zahanati na barabara zote ni jasho lake. Mimi nataka kumpima kwa karatasi. Orodha ya nani alipiga kura gani inapatikana wapi, na mbona mara nyingine majina hayapo kabisa? Alama za Mzalendo, lile shirika linalofuatilia Bunge, zinatosha? Na miradi ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneobunge), nitajuaje ipi ni pesa ya umma na ipi ni "msaada wa mheshimiwa"? Ninaulizia Bunge la Kitaifa, Kenya.

Hansadi_Tu

Jambo la kwanza: majina huandikwa tu pale kura inapohesabiwa mmoja mmoja. Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, wa ndiyo wanaitikia, wa la wanaitikia, naye anatangaza upande uliozidi. Kwenye Hansadi (rekodi rasmi ya yaliyosemwa bungeni) utakuta mstari mmoja, "Question put and agreed to", basi. Hapo anayekuambia mbunge fulani aliunga mkono au alipinga anakisia, isipokuwa kama huyo mbunge alichangia mjadala na maneno yake yako humo.

Kuzipata si kazi. Fungua parliament.go.ke, nenda upande wa Bunge la Kitaifa. Hansadi zimepangwa kwa tarehe. Kwa kawaida Bunge hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Kwa hiyo Jumatano ina faili mbili, na watu wengi hufungua moja wakasema kura haipo. Ndani ya faili usisome kurasa zote. Tafuta neno DIVISION (kura ya kuhesabu), kisha AYES (ndiyo) na NOES (la). Kama Hansadi bado haijawekwa, kuna hati fupi inayoitwa Votes and Proceedings. Ina maamuzi ya kikao bila hotuba. Wabunge wenye majina yanayokaribiana ni wengi, kwa hiyo hakikisha eneobunge kabla hujasambaza chochote.

Kosa linalofanyika zaidi ni kuangalia kura moja tu ya mswada. Chukua Mswada wa Fedha wa 2024. Uliposomwa mara ya pili, Juni 20, walioukubali walikuwa 204 na waliokataa 115. Uliposomwa mara ya tatu, Juni 25, siku ile waandamanaji walipoingia Bunge, ilikuwa 195 kwa 106, na kura 3 zikaharibika. Ukilinganisha utaona kila upande ulipungukiwa na watu 9. Mbunge anayejitetea kwamba "jina langu halimo kwenye ile orodha" huenda anasema kweli kuhusu tarehe 25, huku alikubali tarehe 20. Tazama zote mbili. Katikati yake kuna Kamati ya Bunge Zima, ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja, na huko karibu kila kitu ni kwa sauti. Kura ya mwisho haikuambii alitaka kodi ya mkate ibaki au iondoke.

Kutokuwepo nako kuna uzito wake. Bunge lina wabunge 349 bila Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa kike, 12 wateule. Mswada wa kawaida hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura, kwa hiyo asiyekuja anapunguza tu idadi. Mswada wa kubadili Katiba ni hesabu nyingine kabisa, kwani zinahitajika 233 hata kama ukumbi una watu 240. Ndiyo maana mswada wa jinsia (wa kutaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti) uliangushwa mwaka 2016 kwa kukosa kura hizo, na Februari 2019 haukufika hata kwenye kura kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Kwenye mswada wa aina hiyo, aliyebaki mkahawani amekataa sawasawa na aliyesema la, ila yeye hana jina kwenye orodha ya NOES. Unamtafuta kwa kutoa: chukua 349, ondoa waliotajwa, waliosalia ndio hao. Kabla ya kumhukumu, angalia kama alikuwa na ruhusa au safari rasmi ya kamati.

MezaYaKaratasi

Ninaongeza upande wa miswada na kamati, maana ndiko sifa za uongo zinakopatikana kwa bei rahisi.

"Nimeleta mswada" inaweza kumaanisha ameuandikisha tu. Kwenye tovuti hiyo hiyo kuna jedwali la miswada linaloonyesha kila mmoja umefika hatua gani: kusomwa mara ya kwanza, kamati na maoni ya wananchi, mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, Seneti ikiwa unagusa kaunti, kisha saini ya Rais. Miswada mingi ya wabunge binafsi hukwama mapema kwa sababu ya Kifungu cha 114 cha Katiba. Mswada ukihusu pesa, hauendi popote bila mapendekezo ya kamati husika baada ya kusikiliza Waziri wa Fedha. Mbunge mzoefu analijua hilo tangu siku ya kuandika. Akikuletea mswada wa kugawa mabilioni usio na dalili ya kupita mlango huo, huo ulikuwa wa kamera. Na Bunge likimaliza muhula, miswada iliyobaki njiani inakufa. Anayefuata huanza upya.

Kuhusu Mzalendo: ni kazi nzuri, na kila mwaka wanatoa orodha. Lakini kinachohesabiwa ni mazungumzo kwenye ukumbi mkuu kama yalivyo kwenye Hansadi. Mbunge anayesimama kila siku kupongeza timu ya voliboli ya shule yake atapata alama kuliko anayekaa kwenye kamati akibishana na makatibu wa wizara juu ya hesabu. Itumie kujua nani hakufungua mdomo mwaka mzima, si kujua nani bora.

Kazi ya kamati isome kwenye ripoti zake. Nyuma ya ripoti huambatishwa kumbukumbu za vikao, zenye waliohudhuria na wasiohudhuria, pamoja na karatasi ya kuipitisha yenye saini za wanachama. Asiyekubaliana huruhusiwa kuweka maoni yake tofauti. Ikiwa mheshimiwa anasema alipigana ndani ya kamati, na saini yake iko pale bila neno la kupinga, mwonyeshe ukurasa.

Tena usichanganye saini na kura. Hoja ya kumng'oa Naibu Rais Gachagua, iliyowasilishwa na mbunge wa Kibwezi Magharibi, Mwengi Mutuse, ilikuwa na saini 291. Kura ilipopigwa Oktoba 8, 2024 ilikuwa 281 za ndiyo, 44 za la, na mmoja hakuegemea upande. Kwa hiyo kuna walioweka saini na hawakuonekana kwenye ndiyo.

Fedha_za_Eneobunge

Haya, NG-CDF. Hakuna pesa ya mbunge humo. Sheria ya 2015 inatenga si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Kamati ya eneobunge ina ofisa wa serikali kuu, wanaume wawili na wanawake wawili (mmoja wa kila upande awe kijana), mwakilishi wa watu wenye ulemavu, na wawili waliopendekezwa na ofisi ya eneobunge. Meneja wa akaunti ni ofisa wa bodi ya mfuko. Mbunge si mwanakamati. Ushawishi anao, tusidanganyane, lakini mabati yanayofika shule iliyong'olewa paa na upepo yanatoka kwenye akiba ya dharura ya asilimia 5, hayakutoka mfukoni mwake.

Halafu angalia kazi yenyewe ni ya nani. Mfuko huu unaruhusiwa kugusa majukumu ya serikali kuu tu: shule za msingi na sekondari, basari, vituo vya polisi, ofisi za machifu. Zahanati na chekechea ni za kaunti. Zahanati nyingi zenye maandishi ya CDF ukutani ni za kabla ya kaunti kuanza 2013. Akisema amejenga zahanati mwaka jana kwa NG-CDF, ama amekosea mfuko ama kuna hoja ya mkaguzi inakuja.

Ushahidi uko kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hutoa ripoti ya kila eneobunge peke yake kwa kila mwaka wa fedha. Usiishie kwenye maoni ya ukurasa wa mbele. Nenda kwenye viambatisho vya mwisho, vinavyoonyesha pesa ambazo hazijatumika na salio la akaunti za kamati za miradi. Utaona mara nyingi mradi umelipwa, pesa zimelala kwenye akaunti ya kamati ya shule, na darasa halina madirisha. Kwa basari, hoja inayojirudia ni hundi zilizotumwa shuleni bila barua ya shule kukiri imepokea. Kuwa mwangalifu na neno "haujakamilika" ingawa. Hazina Kuu huchelewa kutuma pesa, wakati mwingine hadi mwaka unafungwa Juni 30, na kazi inasukumwa mbele. Soma ripoti za miaka miwili au mitatu mfululizo. Mradi ule ule ukirudi mara zote, hapo umechelewa kwa sababu nyingine.

Ukitaka orodha ya waliopata basari kwa wadi au mkataba wa mradi, andika barua kwa meneja wa akaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua iwe ya Kiingereza au Kiswahili, sheria inataja zote mbili. Eleza hati unayotaka, mwaka wa fedha, na jina la mradi. "Nataka hesabu zote" ndiyo barua inayotupwa. Wana siku 21, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Malipo ni gharama ya nakala tu.

Na usisahau Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba sheria hii inakiuka Katiba, ikataka mfuko ukome Juni 30, 2026. Julai 2025 Bunge la Kitaifa likapitisha mswada wa kuuingiza mfuko kwenye Katiba, na zile 233 zilizoshindikana kwa suala la jinsia zikapatikana na kubaki. Linganisheni mahudhurio ya siku ya jinsia na ya siku ya mfuko kabla hamjaamini mabango.

Dodoma_Juu

Wakuu wa Kenya, mna bahati na hizo orodha. Huku Tanzania muswada hupita kwa sauti karibu kila mara. Kura ya majina utaiona Juni kwenye bajeti kuu, mbunge anaitwa na kujibu ndiyo au hapana, na iko kwenye Hansard kwa Kiswahili. Tofauti nyingine: Mfuko wetu wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wa sheria ya 2009, mwenyekiti wa kamati ni mbunge mwenyewe.

Mpigakura_2027

Asanteni sana. Na seneta na mwakilishi wa kike wanapimwa hivi hivi?

Hansadi_Tu

Mwakilishi wa kike ndiyo, yumo kwenye 349 na kura zake ziko kwenye orodha zile zile. Mfuko anaohusika nao ni NGAAF (mfuko wa serikali kuu wa kuinua makundi yaliyoachwa nyuma), nao hukaguliwa. Seneta fungua Hansadi ya Seneti. Usimtafute kwenye Mswada wa Fedha, maana mswada wa pesa huanzia na kuishia Bunge la Kitaifa. Mwaka 2024 maseneta walitukanwa mitandaoni kwa kura ambayo hawakuwa na nafasi ya kuipiga.