Kwanini London waliitelekeza reli waliyokwisha kuanza kuijenga?

Mdau wa Iyunga
Wakuu heshima kwenu. Kuna video niliona ya kule London, nguzo za matofali zenye matao zimesimama katikati ya majani, hakuna reli juu yake wala nini. Maelezo yakasema laini ya Northern ya treni za chini ya ardhi ilikuwa itoke Edgware ifike Bushey Heath halafu mpango ukaachwa. Hapa kijiweni wengi wanasema ni vita tu, mabomu ya Mjerumani yalimaliza hela. Mi nashindwa kukubali, maana vita iliisha 1945 na London waliendelea kufungua reli nyingine baada ya hapo. Mtu umeshapata ardhi, umeshainua nguzo, unaachaje? Nauliza pia kwasababu huku Mbeya tukikwama kwenye foleni ya Uyole kuja Mafiati lazima mtu aseme tungekuwa na treni ya mjini. Nataka nijue wenzetu kilichowakwamisha ni nini hasa. Mwenye uelewa anisaidie.

Uyole Kwetu
Vita mkuu. Chuma chote kilienda jeshini, mafundi nao wakaitwa. Nchi imetoka vitani haina kitu, nani anajenga reli?

Fundi Reli Mstaafu
Wanangu, vita ilisimamisha kazi tu. Kilichoiua reli ile ni kitu kingine, ngoja niwaeleze taratibu maana jambo hili nimelifuatilia sana.

Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko hicho kipande. Mwaka 1935 London walitangaza programu ya miaka mitano ya kutanua usafiri wa mji. Ndani yake kulikuwa na kuzichukua reli za zamani za treni za mvuke upande wa kaskazini, zile za kampuni ya LNER zilizokuwa zinatoka Finsbury Park kwenda High Barnet, Edgware na Alexandra Palace, ziwekewe umeme na kuunganishwa na laini ya Northern. Kazi ilianza vizuri tu, treni za umeme zikafika East Finchley Julai 1939, High Barnet Aprili 1940, na Mei 1941 zikafika Mill Hill East, hapo vita imeshapamba moto lakini walipamalizia kwasababu kulikuwa na kambi ya jeshi. Baada ya hapo kimya.

Kipande kipya kabisa ndo hicho cha Edgware kwenda Bushey Heath, kama kilometa 5 hivi, stesheni tatu: Brockley Hill, Elstree South na Bushey Heath yenyewe. Hizo nguzo ulizoona ni za Brockley Hill. Karakana ya treni ilishajengwa pale Aldenham, vita ilipokuja ikageuzwa kiwanda cha kuunda ndege za mabomu aina ya Halifax. Baadaye ikawa karakana ya mabasi ya London mpaka 1986, yani jengo la treni ambalo halikuwahi kulaza treni!

Sasa sababu. Reli ile haikupangwa kwa ajili ya watu waliokuwepo, kule kulikuwa na mashamba na vijiji. Ilipangwa kwa ajili ya watu watakaokuja. Hata Edgware treni ya umeme ilipofika 1924 ilikuta mashamba, miaka kumi na kitu mbele nyumba zimejaa kila upande. Hesabu ya Bushey Heath ilikuwa hiyohiyo, peleka reli, watu watajenga, nauli itarudisha gharama. Lakini 1938 Bunge lao likapitisha sheria ya ukanda wa kijani ili mji usiendelee kumeza mashamba, na baada ya vita ikaja sheria ya mipango miji ya 1947 ikakaza zaidi. Zile nyumba zilizotegemewa hazikuruhusiwa tena kujengwa. Reli ikabaki inaelekea kwa abiria ambao hawatakuja kuwepo. Kwa hiyo hata hela ingekuwepo, wa kupanda nani?

Dada wa Tukuyu
Shikamoo mzee wangu, asante kwa darasa. Ila hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Alexandra Palace na Finsbury Park ni mjini kabisa, nyumba zilikuwepo tangu zamani, ukanda wa kijani hauwagusi. Mbona na wao walikosa?

Fundi Reli Mstaafu
Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri sana. Hao ilikuwa hadithi tofauti. Baada ya vita hela kidogo iliyokuwepo ilipelekwa kwanza laini ya Central, ikafika West Ruislip 1948 na Epping 1949, kule watu walikuwa wanabanana kweli. Huku kaskazini watu wa Highgate walishapata stesheni ya chini ya ardhi toka 1941 inawapeleka moja kwa moja mjini kati, wengine wakazoea basi, treni ya mvuke ya Alexandra Palace ikabaki na abiria wachache mpaka huduma ikafungwa 1954. Mimi kwa maoni yangu hapo walikosea. Bushey Heath nawaelewa kabisa, lakini hiki kipande cha mjini njia ilikuwepo, watu walikuwepo, kilichobaki ni umeme tu. Leo sehemu kubwa ya njia ile ni ya kutembea kwa miguu inaitwa Parkland Walk.

Mnyalukolo wa Kihesa
Mzee kamwene! Hilo la reli na nyumba ndo kiini, na huku kwetu tunaliona wazi. Tazama Makambako, TAZARA imepita na barabara ya Songea inachepukia palepale, mji umekua mbele ya macho yetu. Sisi Iringa mjini reli haijatufika mpaka leo. Sasa Mbeya mna bahati ya kupitiwa na reli katikati ya jiji lakini stesheni na makazi mapya kila kimoja kinapangwa kivyake, ploti zinapimwa huko, daladala zinapita huku. Anayegawa ploti na anayepanga usafiri wakae meza moja, tena wakae sasa kabla watu hawajajenga. London walikuwa na pesa na wataalamu na bado ofisi moja ilichora reli huku nyingine inafunga ardhi.

Uyole Kwetu
Nimeelewa sasa, hoja ya ukanda wa kijani sikuwa naijua. Lakini mzee, ile njia ya Edgware kwenda Mill Hill East reli si ilikuwepo tayari toka enzi za mvuke? Hiyo nayo walishindwa nini?

Fundi Reli Mstaafu
Ilikuwepo ndiyo, njia moja tu. Abiria waliondolewa Septemba 1939 ili kupisha ujenzi, wakapewa basi, wakaambiwa ni kwa muda. Hawakurudishiwa treni yao tena. Mizigo iliendelea kupita mpaka 1964 halafu reli ikang'olewa. Ndo maana mpaka leo Mill Hill East ni tawi la stesheni moja, treni inatoka Finchley Central, inavuka daraja la Dollis Brook lenye urefu wa kama mita 18 kwenda juu, inafika, inageuza.

Mdau wa Iyunga
Mzee Mungu akuzidishie. Jibu la kijiweni ninalo, nalipeleka jioni hii hii. Na hilo la Mnyalukolo kuhusu ploti nitaliuliza kwenye mkutano wa mtaa, maana huku kwetu upimaji unaendelea na sijawahi kusikia mtu akitaja reli.