Tupeane uzoefu: uliyewahi kuvaa kilti ya Waskoti na kile kisu cha kwenye soksi, polisi walikuchukuliaje?

Mtu wa Kyela

Wakuu habari za wikiendi.

Mi naishi Glasgow huu mwaka wa sita, nabeba boksi kama wengi wenu humu. Mwaka jana jamaa yangu wa kazini, Mskoti haswa, alikuwa anaoa akaniomba niwe mmoja wa wasimamizi wake, na huku msimamizi unavaa sawa na bwana harusi, yaani kilti kamili. Nikaenda duka la kukodisha nikapimwa kiuno, nikapewa limfuko lirefu kama la suti. Kufika geto naanza kutoa kimoja kimoja: sketi yenyewe (usiwaambie ni sketi, wananuna), koti fupi, kimkoba cha manyoya cha kuning'inia mbele wenyewe wanaita sporran, soksi ndefu za sufu, viatu vya kamba ndeeefu za kuzungushia mguuni, halafu chini kabisa kwenye kimfuko cha nailoni nakuta kisu. Ala nyeusi, mpini mweusi, juu ya mpini kijiwe cha rangi ya chai, urefu wote labda kalamu ya biki na nukta kidogo. Hata kukichomoa sikukichomoa, nikampigia bwana harusi, "kaka umesahau kisu kwenye begi langu", akacheka mpaka nikakata simu mwenyewe.

Kumbe ndo sgian dubh, inatamkwa skin-du, kwa Kigaeli ni kisu cheusi. Unakichomeka kwenye soksi ya kulia, mpini uchungulie nje kidogo.

Shida ikaja asubuhi ya harusi. Kanisa liko nje ya mji, lazima treni. Hebu piga picha, jitu jeusi futi sita, liko peke yake stesheni Jumamosi asubuhi na kisu mguuni, na nchi hii mnaijua, kesi ya kisu sio kesi ya mchezo. Nikasimama nimeuficha mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto kama mtoto aliyebanwa mkojo. Wakatokea polisi wawili, mmoja mmama. Yule mmama akaniangalia kuanzia viatuni akapanda taratibu, macho yakagota kwenye soksi. Moyo paa. Akaninyooshea kidole pale pale mguuni akasema "vitambaa vyako umevigeuza", kumbe kuna viutepe viwili vya kuning'inia kwenye soksi vinatakiwa vikae upande wa nje, mi nimeviweka ndani. Akasubiri nirekebishe, akasema harusi njema, wakasepa zao.

Mpaka leo najiuliza, ile ilikuwa bahati yangu au ndo sheria ilivyo? Leteni visa vyenu, sio lazima kilti, hata jambia, hata sime, tiririkeni.

Shemeji wa Leith

Hahaha pole kaka. Mimi ni Mkenya, mzee wangu, yaani bwanangu, ni wa hapa Edinburgh, na hicho kisu kilitutoa machozi.

Tulikuwa tunaenda Nyeri kwa ruracio, ile sherehe yetu ya mahari. Sasa huyu mtu anaogopa sana mizigo kupotea, so nguo zote za kilti akaziweka kwenye begi la mkononi, anasema bora ipotee suruali kuliko kilti. Soksi akazikunja mviringo vile anakunjanga siku zote. Tumefika kwa mashine ya eapoti begi ikapita, ikarudishwa, ikapita tena, ikawekwa kando. Dada wa sekyuriti akafungua soksi ya kwanza hamna kitu, ya pili ikadondosha kisu kwa meza, ngring! Watu wote wakageuka.

Na si ati walitusumbua, hapana, dada mwenyewe alisema hata babake anayo kama hiyo. Lakini ndani ya ndege haiingii, iwe ya harusi iwe ya nini. Akatuambia tunaweza kurudi tukaiweke kwa begi za chini, na zile begi za chini zilikuwa zimeenda kitambo na geti inafungwa. Kisu ni cha babu yake, mpini wa pembe ya kulungu, ala ina fedha. Ikabidi tuiache. Mzee hakuongea mpaka tukavuka Sudan.

Sasa kizaazaa ni huko Nyeri. Mamangu kusikia mkwe wake amenyang'anywa kisu cha babu akaingia jikoni, akatoka na kile kisu chake cha kumenya waru (viazi), mpini umefungwa na raba ya tyubu, akakifunga kwa foili akamwambia chomeka. Alikaa nacho kwa soksi siku nzima, picha zote za ruracio kisu cha waru kinang'aa mguuni. Tulirudi nacho, kwa begi ya chini. Sasa hivi ndicho anavaa kwa harusi, hataki kingine.

Mtu wa Kyela

Kisu cha waru 😂😂 nimeanguka kwenye kiti

Kifungu Kidogo

Mkuu haikuwa bahati, ni sheria. Mi sio wakili wa mtu ila nilisomea haya mambo huku, ngoja nieleze kwa lugha ya kijiweni.

England na Wales kuna sheria ya 1988 kifungu cha 139, Scotland kuna ya 1995 kifungu cha 49, zinafanana karibu kila kitu. Kubeba kitu chenye makali au ncha kali hadharani ni kosa. Kinachosamehewa moja kwa moja ni kisu cha kukunja kisicho na loki na makali yasiyozidi inchi 3. Hapo watu wengi wanajidanganya, utamsikia mtu anasema "sgian dubh yangu ni inchi 3 kwa hiyo niko salama". Hapana, kile hakikunjiki, kwa hiyo habari ya inchi haikuhusu kabisa.

Kinachokuokoa ni utetezi. Sheria imetaja kwa jina sababu tatu: kazi, dini, na kisu kikiwa sehemu ya vazi la taifa. Ndo maana mpishi anatembea na visu vyake kwenda kazini, Kalasinga anatembea na kirpan yake (kile kisu cha dini yao), na Mskoti na soksi yake. Ila elewa neno utetezi, maana yake ukikamatwa ni wewe wa kuonyesha kwamba ilikuwa vazi, sio polisi waonyeshe kwamba haikuwa. Ukishindwa, England ni hadi miaka 4, Scotland hadi 5.

Na haijaandikwa vazi la Waskoti. Imeandikwa vazi la taifa lolote.

Ndizi Nyama

Kifungu Kidogo ungeandika haya miaka mitatu iliyopita ungenisaidia sana.

Mi nipo Leeds. Tarehe 25 Januari huwa Waskoti wana usiku wao wa Robert Burns, wanakula haggis, wanaghani mashairi, wanakunywa mpaka wanalia. Bosi wangu Mskoti akatualika na akaniazima kilti yake ya zamani na kisu chake. Usiku wote kisu kiko mguuni hakuna aliyeshtuka, hata dereva wa teksi alikisifia. Saa tano wana wakasema twende klabu, mi nikaona baridi hii na sketi siwezani, nikabadili chooni nikavaa jinzi, kilti nikamwachia bosi kwenye gari, kisu nikakisahau mfukoni mwa koti. Yaani hapo ndo nilipojiloga.

Baunsa akanipapasa mlangoni, mkono wake ukasimama. Akaniuliza nini hiki. Nikasema ni cha kilti. Akaniangalia jinzi. Akaniuliza kilti iko wapi. Wazee, ule ukimya siusahau. Nilikaa kituoni mpaka alfajiri, kiatu sina kamba, nikieleza habari ya haggis kwa askari aliyekuwa anaandika taratibuuu na kidole kimoja. Bosi alikuja asubuhi na kilti kwenye mfuko na picha za sherehe kwenye simu. Wakaniachia na onyo, kisu hakikurudi. Bosi alisema hadai ila kila Januari ananiuliza.

Kifungu Kidogo

Hapo ndo penyewe kabisa. Saa nne ulikuwa umevaa vazi la taifa, saa tano una kisu mfukoni. Kisu ni kile kile.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie nimezaliwa Unguja, nimelelewa Maskati, visu vya mavazi ndo kwetu. Hanjari ya Oman ipo kwenye bendera, na 2022 UNESCO waliitia kwenye orodha yao ya urithi. Mwanamme wa Kiomani kwenda harusini bila hanjari kiunoni ni kama hajavaa.

Kaka yangu alioa London. Babu akasafiri na hanjari yake ya fedha, ile anayoisugua mwenyewe kwa kitambaa na haruhusu mtu aishike. Kwenye ndege tukaiweka mzigo wa chini, alisononeka safari nzima kama kamuacha mtoto. Njiani London hakuna aliyetugusa, wanaume sita wa kanzu na vilemba na hanjari zao mchana kweupe, polisi wanapita. Kasheshe mlango wa ukumbi. Walinzi wakasema sheria inaruhusu njiani sawa, lakini humu ndani ni pahala petu na hatutaki kitu chenye makali. Babu akasema basi na yeye hamo. Akakaa kwenye kiti cha nje na bakora yake, harusi nzima inamsubiri, biriani linapoa.

Mwisho meneja akatoka, mzee wa makamo, akaomba aione. Babu akaichomoa nusu. Kumbe ilikuwa miaka ishirini haijachomolewa yote, imeshikana na ala. Meneja akajaribu haitoki, mlinzi akajaribu haitoki. Wakamwambia mzee ingia.

Mama Watatu

Mimi Aberdeen. Kwangu ilikuwa shule. Kijana anamaliza, kuna disko la mwisho wa shule wanavaa kilti wote, hata wenzetu watoto wa Kinaijeria. Ikaja barua: visu haviruhusiwi hata kama sheria inasema vazi la taifa. Mie nikaunga mkono kwa mikono miwili, vijana mia moja wenye umri wa miaka 17 na vileo wamevificha kwenye sporran, halafu uwape na visu!

Kijana akanuna, anasema soksi bila mpini inaonekana kama bomba. Nikampeleka dukani kumbe vipo vya plastiki, mpini umegundishwa kwenye ala hauchomoki, ukikivaa hakuna anayejua. Na mwenye duka akaniambia hata vya kukodisha vingi siku hizi ni hivyo hivyo.

Laigwanan Mtarajiwa

Mimi mtu wa Longido. Tulialikwa Edinburgh mwezi wa nane kwenye zile tamasha zao kucheza ngoma yetu. Mwenyeji akatutumia ujumbe kabla: njooni na rungu na fimbo na mashuka, sime acheni nyumbani. Tukaacha. Kwetu mwanaume bila sime unajisikia uchi, mkono unaenda kiunoni wenyewe unakuta hewa.

Siku ya kwanza nakutana na mzee mmoja anapuliza zumari lao lile la mfuko, shuka lake la mistari kama langu, na kisime kidogo kwenye soksi. Nikamuuliza mwenyeji mbona huyu ameachiwa? Akasema ni mila yake. Nikanyamaza. Leo ndo nasoma hapa kumbe ni vazi la taifa lolote.

Kifungu Kidogo

Laigwanan, kwa maandishi ungeweza kujitetea, kabisa. Ila sime ni ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, na kumweleza askari wa Edinburgh saa nne usiku kwamba hili ni vazi... mwenyeji wako alikuwa na akili.

Babu wa Makavazi

Naongezea kahistoria. Hawa Waskoti wenyewe walishanyimwa. Baada ya vita ya Culloden 1746 serikali ya London ilipiga marufuku wanaume kuvaa kilti kule Scotland, kosa la kwanza miezi sita jela, la pili unapelekwa makoloni ng'ambo miaka saba. Marufuku ikafutwa 1782. Habari ya soksi wanasimulia kwamba zamani mtu alikuwa na kisu chake cha akiba amekificha kwapani, akiingia kwa watu anakitoa anakiweka pale kinapoonekana, ili mwenye nyumba ajue mgeni hana siri. Kwa hiyo Mtu wa Kyela ule mguu uliokuwa unauficha ndo ulitakiwa uutangulize.

Mtu wa Kyela

Asanteni wakuu, nimejifunza.

Ila Mama Watatu umenitia wasiwasi. Umesema vya kukodisha havichomoki? Mi sikujaribu kukichomoa hata mara moja, niliogopa alama za vidole. Ngoja nitafute risiti kwenye imeili.

Mtu wa Kyela

Nimeipata. Kilti moja, koti moja, sporran moja, soksi jozi moja, "sgian dubh, ya plastiki, haina makali".

Shemeji wa Leith

😂😂😂 na mguu umeufunga nyuma ya mwingine!!

Mtu wa Kyela

Na harusini bwana harusi aliniomba nimsaidie kukata utepe wa keki, nikamwambia sitaki matatizo na serikali. Modi funga uzi.