Mnaiba picha zetu, halafu watu tuliowapiga picha mnawatungia maisha yasiyo yao. Inatosha!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitazunguka. Mimi ni mpiga picha hapa Dar. Harusi, kipaimara, pasipoti, vyote napiga, maana mwenye fremu anataka kodi yake. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni kupiga watu pamoja na wanyama wao. Mzee na mbwa wake, bibi na paka wake, kijana wa mnada wa Pugu na mbuzi aliyekataa kumuuza. Nakaa nao, wananisimulia walivyokutana na huyo mnyama na wamepitia nini pamoja, naandika, nawasomea nilichoandika, wakikubali ndipo naweka picha na maelezo kwenye ukurasa wangu. Asiyekubali, picha anabaki nayo mwenyewe na hakuna mtu mwingine atakayeiona.

Sasa sikieni walichomfanyia mtu mzima.

Kuna mzee mmoja, mlinzi wa usiku kwenye ghala upande wa Mbagala. Ana mbwa jike, mweusi tii, anaitwa Semeni. Alimwokota mtaroni akiwa kitoto, wakati ghala lenyewe bado ni msingi. Mzee ni Mwislamu wa swala tano, na majirani walimsema sana kwa kufuga mbwa, jina likatokea hapo. Hamwingizi ndani. Mbwa ana kibanda chake na chombo chake cha kulia, na chanjo ya kichaa cha mbwa anachanjwa kila mwaka. Kadi ya chanjo mzee kaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Haya yote kanieleza mwenyewe, asubuhi, katoka zamu, tumekaa barazani kwake tunakunywa chai ya rangi aliyotuletea mkewe. Shikeni hapo: mkewe.

Na picha yenyewe si ya kubonyeza ukaondoka. Mbwa mweusi, mzee mweusi, koti la ulinzi la bluu iliyokoza, nyuma ukuta mweupe unaopigwa na jua. Wanaojua kamera wananielewa. Kipima mwanga cha kamera kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kwa hiyo ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu kinakata mwanga, na uso wa mtu unazama. Ilibidi nimwombe mzee ahamie kivulini, chini ya mwembe, nipime mwanga usoni pake, kisha nilale kifudifudi mavumbini ili lenzi iwe sawa na macho ya mbwa. Flashi siwashi kwa mnyama, inamshtua, na macho yake yanarudisha mwanga yanatoka ya kijani. Basi nikasubiri. Semeni akaninusa, akaninguruma, akaenda zake, akarudi, mwisho akaweka kidevu chake kwenye goti la mzee, na mzee bila kuangalia akamwekea mkono kichwani. Ndiyo picha hiyo.

Baada ya muda napigiwa simu na binti wa mzee. Analia. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi umeichukua ile picha, umekata kona yenye jina langu, umefuta kila nilichoandika, na badala yake umeandika kwamba mzee huyu mkewe alifariki, watoto wamemtelekeza, analala na mbwa chumba kimoja na kula naye sahani moja. Chini yake kuna namba ya simu: mwenye kuguswa atume chochote. Namba hiyo si ya mzee, wala ya mtu yeyote wa familia.

Mnaelewa uzito wa kusema mzee kama yule anakula sahani moja na mbwa? Watu wa msikitini kwake wameiona. Kuna aliyemuuliza uso kwa uso. Mwanawe yuko Mwanza, wenzake kazini walimpelekea ile picha kwenye simu wakamuuliza anamtupaje baba yake, na huyo ndiye anayelipa kodi ya nyumba wanayokaa wazee! Mama wa watu, aliyetupikia chai, katangazwa marehemu akiwa jikoni kwake.

Nikawaandikia wenye ukurasa, kwa adabu kabisa, nikawatumia picha halisi niliyonayo, haijapunguzwa, ina tarehe na saa iliyopigwa. Jibu: "Kaka, kitu kikishakuwa mtandaoni ni cha wote." Nikajibu kwamba siyo. Wakanifungia.

Hiyo kauli ya "ni cha wote" naisikia kila siku, na ni uongo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda picha kama inavyolinda wimbo. Haki inaanza pale unapoitengeneza kazi, si mpaka ukasajili. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha tu. Na haki si ya hela peke yake, mwenye kazi ana haki ya kutajwa jina na haki ya kukataa kazi yake kupotoshwa. Huyo mzee naye ana haki zake mwenyewe: faragha imo kwenye Katiba, ibara ya 16, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Kuchapisha habari unayojua ni ya uongo ili udanganye watu kumo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kwa hiyo hapa hakuna pengo la sheria. Kuna watu wameamua kwamba mlinzi wa Mbagala hawezi kuwafanya kitu.

Hili ndilo linaloniuma kuliko picha. Wangemchukua mwenye jina mjini wakamwandikia hivyo? Wasingethubutu. Wanachagua mlinzi, muuza mbuzi, bibi wa uswahilini, kwa sababu wanajua hana wakili.

Na haikuanzia hapo. Picha ya bibi na paka wake mwenye jicho moja imegeuzwa stika za WhatsApp za kutukania watu, wajukuu wanaziona zinapita kwenye makundi ya shule. Duka la vyakula vya mifugo liliweka picha yangu kwenye bango la barabarani bila kuniuliza. Nilipokwenda nikaambiwa nishukuru nimetangazwa, wakati jina langu halipo popote kwenye bango hilo, na yule dada aliye pichani na mbwa wake hakupewa hata mfuko mmoja wa chakula.

Siku hizi nikienda kwa mtu, kabla sijafungua begi la kamera naulizwa, "Hamtanifanya kama yule mzee?" Wana haki ya kuuliza. Watu wawili waliokuwa tayari kunisimulia mambo mazito sana ya maisha yao wameghairi. Na mzee mwenyewe kaniambia nisije na kamera tena, nikija nije kusalimia tu. Hakuniambia kwa ubaya. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Nanyi mliosambaza! Mlilia kwenye maoni, mkaweka emoji za mikono, mkatuma hela, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mzee anakaa wapi, nani kamwona. Waliotuma ile picha kwa mwanawe wamemchoma mtu kisu kwa habari ambayo hawakuihakiki hata kwa dakika moja.

Wiki hii naenda na mwanawe polisi, kitengo cha makosa ya mtandao. Skrinshoti tunazo. Kinachopungua ni miamala. Kama ulituma hela kwenye ile namba, usifute meseji, njoo PM, jina lako halitatajwa hapa. Na ile namba iripotini kwa kuituma kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli, haina mlolongo.

Ambao picha ipo kwenye makundi yenu, msiishie kuifuta kimyakimya. Rudini palepale mlipoituma muandike: mzee huyu ana mke, ana watoto wanaomtunza, ana kazi yake, na hajawahi kumwomba mtu msaada.