Mpwa wangu anataka kazi ya kiwandani: Kabete au kwa fundi Kariobangi?

Mjomba_Kayole: Wadau, hamjambo. Mpwa wangu amemaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na ualimu amekataa katakata. Anataka kazi ya mitambo. Tuna njia mbili: Kabete National Polytechnic, au nimkabidhi fundi ninayemjua Kariobangi Light Industries ajifunze leithi, ile mashine ya kukereza chuma, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Ipi itamwingiza kiwandani haraka?

Mama_Riruta: Gredi gani? Mvulana au msichana? Karo ipo? Sasa tukushauri juu ya nini?

FitaMstaafu: Gredi kwanza, mkuu. Diploma inataka C-, cheti cha craft, kilicho chini yake, D, na artisan, cha chini zaidi, hata mwenye E anaingia. Kwa fundi haulizwi gredi, na NITA ataanza na Gredi III, apande hadi I. Mimi nilipitia njia hiyo, enzi hizo tukiita DIT. Leithi haijawahi kuninyima ugali.

Shifti_ya_Usiku: Mzee, heshima yako, lakini laini za unga na soda siku hizi zinaongozwa na PLC, kompyuta ndogo ya kuendesha mashine. Mashine ikigoma saa nane usiku anaamshwa mtu wa umeme. Asomee umeme.

FitaMstaafu: Na shafti, ule mhimili unaozunguka, ikilika ataijaza kwa laptopu? Inachomelewa, inarudi kwenye leithi, unaikata kidogo kidogo ukipima kwa maikromita mpaka beringi ikae. Hiyo ni mikono.

Mjomba_Kayole: Samahanini. Ni msichana, D+. Karo tutachangishana.

Mama_Riruta: Ungeanza na hapo! Basi diploma hapati sasa. Aingie craft, apande baadaye.

Enterprise_Road: Chuo sawa, ila atachimenti, ile miezi ya mafunzo kiwandani, ndiyo itakayomtengeneza au kumharibu. Mimi nilipelekwa kiwanda cha plastiki, sitakitaja. Siku ya kwanza nikapewa ufagio, nikadhani ni wa siku hiyo tu. Nikafagia, nikapanga katoni, nikatumwa chai. Karibu na mashine ya kumwaga plastiki nilikaribia tu wakati wa kusukuma malighafi. Moldi, yaani kalibu ya plastiki, ikibadilishwa, fundi anatufukuza, eti tutamwibia kazi. Mwisho supavaiza akajaza kitabu changu cha kumbukumbu kwa dakika chache: "ameshiriki matengenezo". Mhadhiri alikuja mara moja, akasaini akiwa getini. Nilipoitwa usaili nikaulizwa moldi inapozwa vipi. Nilikodoa macho tu.

Shifti_ya_Usiku: Na kila mwajiri anatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ada ya mafunzo ya NITA. Tunafunzwa kufagia?

BabaPacha: Ada hiyo ni ya mafunzo ya kazi, na mwajiri akiwafunza wafanyakazi wake anaweza kudai arudishiwe. Wa atachimenti si mfanyakazi.

Shifti_ya_Usiku: Ndiyo maana anapewa ufagio.

Mama_Riruta: Tumrudie msichana. Huyo fundi wa Kariobangi ana wasichana wengine pale? Choo kipo? Usimpeleke kabla hujakaa pale mchana kutwa ukaona.

Mjomba_Kayole: Choo sijauliza. Yeye mwenyewe anasema chuo, mamake anasema kwa fundi kwa sababu ya karo. Kwanza, buti za usalama saizi 4 zinapatikana wapi? Kote naonyeshwa za wanaume.

FitaMstaafu: Za mtumba Gikomba usiguse. Bonyeza pale mbele, nyingi chuma cha kukinga vidole hakipo.

BabaPacha: Mimi ninazo, saizi 8. Njoo inbox.