Spea za Land Rover 109 ya 1976 nazipata wapi kwa bei ya kibinadamu? Nipo Mbeya

KijanaWaUyole
Wakuu heshima kwenu. Nina Land Rover 109 Series III ya 1976, petroli, ile injini ya 2.25. Ilikuwa ya babu, imekaa Tukuyu chini ya mparachichi toka mzee aache kuendesha na mvua ya Rungwe mnaijua, kuku walikuwa wanatagia siti ya nyuma. Mwezi uliopita nimeivuta mpaka Uyole. Bodi bado nzima maana ni aluminiamu, ila chesisi krosmemba ya nyuma (chuma kinachokatiza chesisi) imeliwa na kutu unaingiza kidole.

Shida sasa ni spea. Fundi kila siku ananiandikia karatasi, leo kabureta mpya, kesho breki shuu, keshokutwa beringi, nikipiga simu Dar naambiwa hiyo mpaka kuagiza bosi, na bei wanayotaja bora nijichange ninunue Vitz. Nimeshaagiza hafu shafti ya nyuma ya mtumba (ule mhimili unaotoka kwenye difu kuzungusha tairi), ikaja na basi, laki na themanini imeondoka, kufika haiingii kwenye difu na muuzaji hapokei simu. Mnaofufua hii mikweche mnatoa wapi vitu jamani? Kuuza siwezi, mama akiiona tu machozi.

Mia_na_Tisa_Iringa
Pole mdogo wangu. Hiyo hafu shafti nahisi umeletewa ya 88, ile Landrova fupi. 109 ya mwaka huo nyuma ina difu ya Salisbury, 88 ina difu ya Rover, haviingiliani. Lala chini uchungulie, ukiona nyuma ya difu kuna kifuniko kimezungushiwa bolti ujue Salisbury. Halafu hesabu meno ya shafti upande wa difu, ya Salisbury ni 24, ya 88 ni 10. Wauzaji wengi kwao ni "ya Landrova" basi, imeisha. Breki nazo hivyohivyo, dramu za 109 ni inchi 11, za 88 nyingi ni inchi 10.

Mimi nilikuwa kama wewe, natafuta beringi kwa jina la gari naambiwa hamna. Siku moja nikaosha beringi ya habu na petroli, grisi ilivyotoka nikaona namba imegongwa ubavuni, nikaiandika kiganjani kwa kalamu nikaenda duka la beringi za malori na matrekta. Jamaa hakuuliza hata ni gari gani, akageuka kwenye shelfu akanipa. Oili sili pima tundu la ndani, upana wa nje na unene, nenda na vipimo, jina la gari liache nyumbani maana ukilitaja tu bei inapanda.

FundiMsasa
Kabureta usinunue!! Kama ni Zenith ugonjwa wake unajulikana, kifuniko cha juu kinapinda, joto pamoja na watu kukaza skrubu kama wanakaza tairi, petroli inapita pasipotakiwa, moshi mweusi na plagi nyeusi kama mkaa. Tafuta kipande cha kioo, lazia msasa laini wa maji juu yake, sugua kile kifuniko taratibu kwa kuchora namba nane. Utaona kuna sehemu inang'aa na sehemu bado nyeusi, pale peusi ndio kuna bonde, endelea mpaka pote pang'ae. Badilisha na oringi yake ndogo, ya kwako saa hizi itakuwa ngumu kama kucha.

Breki shuu usitupe chuma chake, peleka kwa wanaobandika laining, malori yanayopanda Tunduma yanafanyiwa hivyohivyo. Klachi pleti pia. Beringi za kranki usiguse hela kabla hujafungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), mpaka 1980 kranki ilikaa kwenye kepu 3, baadae wakaweka 5. Ya kwako ingetakiwa iwe 3 ila nani anajua babu aliwahi kubadili injini, hesabu kwa macho yako.

Na mwambie fundi wako atafute spana za inchi. Namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi ila inacheza, nusu inchi ni milimita 12.7, akivuta kwa nguvu anakula kona halafu anakuandikia nati mpya kwenye karatasi.

MbaoZaMafinga
Mnamchosha mtoto wa watu. Weka injini ya dizeli ya 3L ya Hilux na giaboksi yake, spea mpaka Makambako zipo, maisha yaendelee

Mia_na_Tisa_Iringa
@MbaoZaMafinga sikatai 3L ni injini, ila piga hesabu maunting za kuchomelea, propela kukatwa, kubadilisha injini kwenye kadi, hapo umefika wapi? Na hiyo hela ndio ingemaliza chesisi. Kijana tafuta mkweche wa kuchinja, zunguka Chunya kwa wachimbaji wa zamani, uliza na kwenye parokia, hizi gari ndizo zilikuwa zinabeba mapadri. Kadi ikiwepo ichukue, mwandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila wahi, wanunua vyuma chakavu wako mbele yako, aluminiamu ina soko na milango ya 109 mingi saa hizi ni masufuria, tunapikia ubwabwa.

KijanaWaUyole
Nimetoka chini ya gari sasa hivi, kichwa kizima vumbi la kutu. Kifuniko kipo na bolti zake. Meno ya shafti nimehesabu mara mbili, 10. Kabureta nimeifungua jana usiku, katikati kuna bonde kabisa, namba nane zinaendelea mkono unauma. Kioo nimetoa kwenye fremu ya picha ya harusi ya kaka yangu, bado hajajua.

Sasa wakuu, nani ana 88? Nina hafu shafti yake hapa, nzima kabisa, tubadilishane hata kwa breki shuu chakavu za inchi 11.