Mvinyo wa machungwa umenilipukia uvunguni mwa kitanda, naombeni ushauri kabla sijamwaga

KijanaWaMakorora
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga mjini, nimepanga chumba na sebule Makorora. Mwezi uliopita nilipita Muheza nikakuta machungwa yanauzwa bei ya kutupa, nikabeba gunia zima. Tumekula, tumegawia majirani, bado yamebaki. Nikasema ngoja nijaribu waini, maana kila ninayemuuliza anasema ni juisi, sukari na hamira tu, hakuna uchawi.

Nilimenya, nikasaga kwenye blenda, nikachuja kwa kitambaa, nikapata lita 20. Nikatia sukari kilo 5 na pakiti moja ya hamira, nikafunika ndoo kwa khanga. Siku ya pili liliumuka povu mpaka likamwagika sakafuni. Siku ya nane povu likatulia, nikajua imeiva. Nikajaza chupa sita za kioo, nikakaza vizibo kwa nguvu zangu zote, nikazipanga uvunguni.

Juzi saa nane usiku, PAA! Tuliruka tukidhani mtungi wa gesi. Chupa moja imepasuka, chandarua kina vipande vya kioo, chumba kizima kinanuka machungwa. Mke wangu mpaka leo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Ndoo iliyobaki, kama lita 17, inatoa harufu ya mayai viza. Ukionja ni tamu, halafu inaacha uchungu kooni kama umekunywa mwarobaini. Nimwage? Ina madhara? Na zile chupa tano bado zipo uvunguni, naogopa kuzigusa. Nawasilisha.

FundiChupa
Mkuu, achana na ndoo kwanza. Hizo chupa tano ni mabomu. Leo usilale juu yake.

Vaa viatu, suruali nzito na miwani kama unayo. Kila chupa izungushie taulo lililolowa, toa moja moja bila kuitikisa, weka kwenye friji hata kwa jirani. Ikiwa baridi, presha inapungua. Kesho zifungue nje, bado zikiwa ndani ya taulo, uso ukiwa mbali, kizibo ukilegeza kidogo kidogo mpaka ziache kufoka. Halafu rudisha kwenye ndoo.

Povu kutulia haina maana kwamba hamira imeshiba. Inakula sukari, inatoa pombe na gesi, na katika kila kilo ya sukari inayoliwa karibu nusu kilo inatoka kama gesi. Wewe umeifungia kwenye kioo.

MpitaNjia
Astaghfirullah. Tanga hii hii? Machungwa si ungekunywa juisi tu ndugu yangu.

KijanaWaMakorora
Sheikh wangu nimekusikia, na juisi tulikunywa mpaka tukachoka. Kila mtu na kaburi lake. @FundiChupa naenda kuzitoa sasa hivi.

MgemaMstaafu
Mwanangu, mimi nimegema minazi miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Tembo la asubuhi ni tamu, mtoto anaweza kuomba. La jioni ni kali. La kesho kutwa ni siki, unatilia kachumbari. Hatukuwahi kutia hamira, ipo yenyewe hewani na kwenye kibuyu. Sasa wewe umeweka ndoo wazi siku nane kwa khanga, mshukuru Mungu haijageuka siki. Kinachogeuza pombe kuwa siki ni vijidudu vinavyotaka hewa. Siku tatu nne za mwanzo povu linajilinda lenyewe, baada ya hapo funga, gesi itoke na hewa isiingie.

Na huo uchungu, ulisaga na mbegu?

KijanaWaMakorora
Shikamoo mzee. Ndiyo, nilisaga na mbegu na ile nyama nyeupe ya ganda. Nilidhani kitambaa kitachuja.

MgemaMstaafu
Marahaba. Ndiyo hapo sasa. Kitambaa kinachuja makapi, uchungu ulishaingia kwenye maji.

MamaAchari
Nakazia hapo kwa mzee. Mimi nasindika achari na juisi hapa Mgandini. Chungwa halisagwi, linakamuliwa. Kata katikati, kamulia kwenye kile kikamulio cha mkono, mbegu toa zote. Hata hivyo juisi ya machungwa ikikaa inaongeza uchungu yenyewe, ndiyo maana ya kukamua asubuhi na ya jioni hazifanani. Ukitaka waini isiyokusumbua anza na choya: unachemsha, unachuja, unapoza, basi. Nanasi pia tamu sana.

Halafu mdogo wangu, hiyo ndoo ni ya nini?

KijanaWaMakorora
Ilikuwa ya rangi ya ukuta mama, ila niliiosha vizuri sana na maji ya moto.

MamaAchari
😳 Hapo sasa nakwambia mwaga, na wala usinionee aibu. Ndoo ya rangi haioshwi ikawa safi, na pombe inafyonza vitu kwenye plastiki kuliko maji. Tafuta ndoo ya mafuta ya kupikia au dumu la maji ya kunywa.

FundiChupa
Duh, hapo kwenye rangi sikujua. Namuunga mkono mama, hata zile chupa tano usizirudishe, zimwage zote. Pole mkuu. Lakini tusipoteze somo, maana ungekwama hata kwenye ndoo nzuri.

Piga hesabu. Gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinakupa takriban asilimia 1 ya kilevi. Wewe umeweka 250 kwa lita, na chungwa lenyewe lina kama 90. Jumla 340, gawa kwa 17, unapata asilimia 20. Hata ukitoa nafasi ambayo sukari inachukua ndooni, bado uko juu ya asilimia 17. Hamira ya maandazi inachoka kwenye 10 mpaka 12. Ndiyo maana ni tamu na hamira imeelemewa. Kwa lita 20 za juisi ya machungwa, kilo 2 zinatosha kabisa.

Mayai viza ni kilio cha hamira yenye njaa na joto. Chungwa lina sukari nyingi lakini chakula kingine cha hamira ni kidogo. Chemsha kijiko cha chai cha hamira kwenye kikombe cha maji dakika kumi, ipoe, mimina. Zile zilizokufa zinakuwa chakula cha zilizo hai. Na joto la hapa kwetu ni kali, weka dumu ndani ya beseni la maji, livishe fulana iliyolowa.

ZabibuYaDodoma
Nyongeza: nunua mpira wa dripu duka la dawa. Toboa kifuniko cha dumu, pitisha mpira, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji. Acha nafasi juu ya dumu kwa ajili ya povu. Usijaze kwenye chupa mpaka mapovu yakatike wiki mbili nzima na iwe imejichuja yenyewe, mashapo chini, juu kweupe. Ukitaka tamu, sukari tia kwenye glasi wakati wa kunywa, si kwenye chupa.

ShangaziPangani
Mimi sina machungwa, nina juisi ya boksi. Itakubali?

ZabibuYaDodoma
Shangazi, soma ubavuni. Ikiwa na sodiamu benzoeti (E211) au potasiamu sobeti (E202), hamira itakaa tu inakuangalia. Isiyo na hizo inakubali.

DerevaWaKange
Na ile sumu inayopofusha watu? Jamaa si atatuua?

FundiChupa
Hiyo ni methanoli. Kwenye mvinyo wa matunda huwa kidogo sana. Balaa liko kwenye pombe za kukeneka mitaani na zinazochanganywa na spiriti za viwandani. Mkuu usije ukapata wazo la kukeneka hiyo ya kwako, gongo ni kosa kisheria na moto wake hauna huruma. Ukitaka kuuza waini, hiyo habari nyingine: SIDO kwa mafunzo, TBS kwa ubora, TRA kwa stempu. Ya kunywa na wageni wako ianze kwanza kunyweka.

KijanaWaMakorora
MREJESHO: Wakuu nimemwaga vyote, roho iliniuma. Chupa tano zilifunguka salama, moja ilifoka mpaka kwenye paa la banda la kuku.

Nimekamua upya kwa mkono, lita 10, mbegu nimetoa zote, sukari kilo moja, dumu jipya, mpira wa dripu. Leo siku ya nne, harufu ni ya machungwa tu. Dumu limepigwa marufuku chumbani, lipo jikoni ndani ya beseni, limevaa fulana yangu ya Coastal Union. Linatoa povu moja kila baada ya sekunde sita. Nimelijua hilo kwa sababu mke wangu ndiye anayehesabu, na jana usiku alinishtua saa tano kuniambia imefika saba.